Mirija, grafini, doti au almasi: kaboni ipi ya kumpa mwanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa kwanza?

Kila Novemba, wanafunzi wapya wakishapata vitambulisho lakini bado wanapotea njia ya kwenda maabara, swali linarudi lile lile. Tuna wiki mbili za kuwaonyesha wahandisi wa mwaka wa kwanza jinsi kaboni ya ukubwa wa nanomita, yaani sehemu ya bilioni moja ya mita, inavyotumika kwenye utafiti wa tiba. Wanafunzi 80, meza 10, kipindi cha saa mbili, na kabati moja tu la kufyonza hewa ambalo feni yake inalia kama mashine ya kusaga. Tuingize kaboni ipi darasani?

Wagombea ni wanne, na ukiongeza fulereni wanakuwa watano. Wote ni kaboni, kinachowatofautisha ni namna atomu zilivyopangana. Nimewajaribu wote, wengine kwa mikono, wengine kwenye karatasi tu, na nina upendeleo wangu ambao sitauficha. Naitaka kaboni ambayo mwanafunzi anaweza kukosea nayo, kisha akagundua mwenyewe kwamba amekosea, kabla saa mbili hazijaisha. Wenzangu wengi huanza na ile inayovuma kwenye majarida. Kwa mtu wa shahada ya uzamivu, sawa. Kwa kijana aliyetoka kidato cha sita na PCM (fizikia, kemia na hisabati), ambaye biolojia aliiaga kidato cha nne, itamfanya anakili maelezo ubaoni na kusubiri kengele.

Fulereni, kwa haraka

Fulereni C60 iligunduliwa mwaka 1985 Chuo Kikuu cha Rice, Houston, na Harold Kroto, Robert Curl na Richard Smalley, wakapewa Nobeli ya kemia mwaka 1996. Ni kikapu cha atomu 60, sura yake ni mpira wa miguu wa zamani: pembetano 12 na pembesita 20. Kata karatasi, gundisha, hesabu pembe 60, kingo 90 na nyuso 32, ukute 60 − 90 + 32 = 2 kama alivyosema Euler. Watoto wanafurahi. Upande wa tiba, mwaka 1993 watafiti wa California walionyesha kwamba kikapu hiki kinaingia vizuri kwenye tundu la kimeng'enya ambacho virusi vya UKIMWI hukitegemea, lakini hakuna kidonge cha ARV kilichozaliwa na habari hiyo. Nusu saa inatosha. Tusonge.

Mirija: watamu kwa mtafiti, wakali mezani

Mrija wa kaboni ni karatasi ya atomu iliyojiviringa ikawa bomba. Sumio Iijima wa Japani aliutangaza mwaka 1991 na dunia ikamsikia, ingawa picha za mabomba kama hayo zilishatoka kwenye jarida la Kisovieti mwaka 1952, kwa Kirusi, zikakosa wasomaji. Wa ukuta mmoja una kipenyo cha kama nanomita 1, na urefu wake unaweza kufika maelfu ya nanomita.

Mwaka 2002 watu wa Rice walionyesha kwamba mirija ya ukuta mmoja ikimulikwa hutoa mwanga wa infraredi. Mwanga wa nanomita 1,000 hadi 1,700 hautawanyiki sana ndani ya nyama, kwa hiyo watafiti wameweza kuiona mishipa ya damu ya panya hai bila kumpasua. Nyuzi zilizosokotwa kwa mirija zimeshonwa kwenye mioyo ya kondoo huko Texas, zikavusha umeme wa moyo juu ya kovu. Matokeo yalitoka mwaka 2019. Ukiwa mhandisi na hilo halikusisimui, angalia kama fani uliyochagua ni yako.

Ila mwaka 2008 watafiti wa Edinburgh walidunga mirija mirefu ya kuta nyingi kwenye tumbo la panya, na utando ukavimba na kuota vinundu kama ule uliodungwa asbesto ndefu. Mirija mifupi iliyojisokotasokota haikufanya hivyo. Mwaka 2014, IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, liliweka aina moja ya mirija ya kuta nyingi kwenye kundi 2B, yaani huenda inasababisha saratani kwa binadamu. Kabla ya hapo, mwaka 2013, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ilikuwa imependekeza kwamba hewa anayovuta mfanyakazi kwa zamu ya saa 8 isizidi mikrogramu 1 kwa kila mita ya ujazo.

Hebu tupige hesabu. Maabara yetu ni mita 10 kwa 8, kimo mita 3: mita za ujazo 240. Mikrogramu 240 zinatosha kuijaza yote hadi kwenye kikomo. Kichupa cha nusu gramu kina mikrogramu 500,000, yaani kinatosha maabara zaidi ya 2,000 za namna hiyo.

Hesabu hiyo niliifanya kwa kuchelewa. Kichupa kilikuwa tayari mezani, unga mweusi mwepesi kuliko masizi ya koroboi, na mimi nimeshika kijiko. Fundi sanifu wetu, mama aliyeanza kazi pale kabla yangu, alienda ukutani akazima feni ya dari. "Mwalimu," akasema, "hicho ukikifungua hapa, mimi natoka." Nikakirudisha kabatini. Kipo hadi leo, ndani ya mifuko miwili.

Lakini somo la mirija sikulitupa, kwa sababu lina kisa ambacho sijapata kingine cha kukifikia. Kupima kama seli ziko hai, maabara nyingi hutumia rangi ya njano ambayo seli hai huigeuza kuwa zambarau. Zambarau nyingi, seli nyingi. Mwaka 2006 watafiti wa Karlsruhe, Ujerumani, walionyesha kwamba ile zambarau hung'ang'ania kwenye mirija na kukataa kuyeyuka, hivyo mashine inasoma zambarau kidogo na mtafiti anaandika kwamba seli zimekufa. Kumbe ziko hai. Walipopima kwa rangi nyingine ambayo hainasi, kifo hakikuonekana.

Hili linafanyika mezani bila mrija hata mmoja. Weka matone mawili ya GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda vya mdomoni, kwenye bika ya maji. Mwambie mwanafunzi: zambarau ndiyo uhai wa seli. Ongeza kijiko cha mkaa ulioamilishwa, koroga dakika tano, chuja. Maji yanatoka meupe. "Seli zako vipi?" Watasema zimekufa. Kisha mpe bika ya pili isiyo na seli zozote, maji na GV na mkaa tu, mchanganyiko ule ule wa bika ya kwanza, na umwachie dakika mbili za ukimya. Mwaka jana kijana mmoja wa umeme alitazama karatasi ya kuchujia iliyojaa weusi, akasema taratibu, "Kwa hiyo mkaa umekula jibu." Sijaweza kulisema vizuri kuliko yeye.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya mirija: kwenye karatasi, ndiyo, na GV pembeni. Mkononi mwa mwaka wa kwanza, hapana.

Grafini: hesabu nzuri, macho hayaoni

Grafini ni tabaka moja la kinywe, madini yale yale yaliyolala Mahenge mkoani Morogoro na Ruangwa mkoani Lindi, na yale yale yaliyo kwenye penseli. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Manchester waliyabandua kwa selotepu, tabaka baada ya tabaka, hadi wakafika la mwisho. Nobeli ya fizikia ikaja mwaka 2010.

Kila mwalimu anayeanza huvutiwa na selotepu hiyo, na mimi nilivutiwa. Wanafunzi 80 wakabandua kinywe kwa furaha, wakagundisha kwenye vioo vya hadubini, wakaona mabaka meusi. Mabaka meusi ni kinywe kinene. Tabaka moja hula asilimia 2.3 tu ya mwanga, na kule Manchester lilionekana kwa sababu liliwekwa juu ya silikoni yenye ngozi ya oksidi ya nanomita 300, inayozidisha tofauti ya rangi. Juu ya kioo cha kawaida huwezi kujua unalo au huna. Mwanafunzi anaandika "tumetengeneza grafini" na hana njia ya kujua kama amesema kweli. Kwa kigezo changu, zoezi hilo limeanguka.

Linalosimama ni penseli na maltimita. Paka kwa nguvu mstari mnene wa penseli laini, 6B ukiipata, 2B ukikosa, urefu sentimita 10 na upana nusu sentimita. Pima ohm kati ya ncha na ncha, kisha nusu ya urefu, kisha robo. Thamani hushuka kwa kufuata urefu, ila si kwa unyoofu wa kitabuni, kwa sababu mkono haupaki sawasawa. Hapo mwanafunzi anajifunza kuchora grafu yenye nukta zinazokataa kukaa kwenye mstari. Sasa kunja karatasi mchoro ukiwa upande wa nje: ohm zinapanda, kwa kuwa vipande vya kinywe vinaachana. Ukikunjia ndani, zinashuka. Gundisha kipande kwenye kiungo cha kidole na umepata kipima mkunjo. Vihisi vya grafini vya kubandikwa kwenye ngozi vingi vinafuata wazo hilo hilo kwa usafi zaidi. Mwambie wazi kwamba cha kwake ni kinywe, si grafini; asidanganywe.

Kama chuo kina mashine ya leza ya kuchongea, kuna njia ya katikati. Mwaka 2014 maabara ya James Tour, Rice tena, ilionyesha kwamba leza ya kaboni dayoksaidi ikipita juu ya plastiki ya poliimidi huigeuza kuwa povu la grafini. Poliimidi ni ule utepe wa rangi ya kahawia ya dhahabu ambao mafundi simu wanakingia vipande wanapochomelea. Unachora elektrodi kama unavyochora kibao cha jina. Fanya hivyo kifyonza moshi kikiwa kimewashwa.

Hesabu ya grafini ni tamu pia. Gramu 1 ina eneo la mita za mraba 2,630 ukihesabu pande zote mbili, na mwanafunzi anaweza kuifikia mwenyewe kwa namba ya Avogadro na urefu wa kifungo cha nanomita 0.142. Gramu 3 zinazidi uwanja wa mpira. Hapo ndipo anaelewa kwa nini kitu chembamba hivi kinabeba dawa nyingi, na kwa nini pia kinanasa protini za damu mara kikiingia.

Kwenye tiba, grafini iko mbele kuliko mirija kwa watu. Mwaka 2024 Manchester, wakati wa upasuaji wa uvimbe wa ubongo, elektrodi nyembamba za grafini ziliwekwa juu ya ubongo wa mgonjwa kusoma ishara zake. Mwaka huo huo, matokeo ya Edinburgh yalichapishwa: watu 14 waliojitolea walivuta hewa yenye oksidi ya grafini safi kwa saa mbili, na hakuna madhara ya papo hapo yaliyoonekana kwenye mapafu wala shinikizo la damu, ingawa kwenye kipimo cha nje ya mwili damu yao iliganda kidogo zaidi. Papo hapo, nasisitiza. Miaka 20 ni jambo jingine. Mji ni ule ule ulioturudisha nyuma kwa habari ya mirija mwaka 2008, na mwanafunzi mzuri atauliza umbo lina kazi gani hapa. Mwache aulize.

Doti dhidi ya almasi: mwanga dhidi ya mwanga

Hawa wawili nawaweka pamoja kwa sababu kazi yao kubwa kwenye tiba ni moja, kuwaka, na kwa sababu shati jeupe lilinilazimisha.

Doti za kaboni ni chembe ndogo kuliko nanomita 10. Zilipatikana kwa bahati mwaka 2004 huko South Carolina, watu wakisafisha mirija, wakaona uchafu unang'aa. Utengenezaji wake ni upishi hasa. Gramu 3 za asidi ya sitriki, ule unga mchachu wa watengeneza juisi, na gramu 3 za urea katika mililita 10 za maji, ndani ya maikrowevu ya wati 750 kwa dakika nne au tano. Mchanganyiko hutokota, ukawa wa njano, ukawa wa kahawia, mwisho unabaki ugumu mweusi kama sukari iliyoungua. Harufu ya amonia inapanda, kwa hiyo madirisha wazi au kabatini, miwani ya kinga usoni, na maikrowevu iwe ya maabara, isirudi jikoni kwa wali wa mtu. Yeyusha kijiko cha chai cha ugumu ule kwenye maji mengi, zima taa, washa kitaa cha urujuanimno, kile cha kukagulia noti kwa mawakala wa fedha. Bika inawaka. Nimeliona mara nyingi na bado natabasamu.

Vyote hivyo vinapatikana mjini, na darasa zima linapata chake. Lakini sababu ya mimi kuzipa doti nafasi ya kwanza si uzuri wake. Ni kwamba zinadanganya. Asidi ya sitriki na urea zikipikwa hutoa pia molekuli ndogo, kama asidi ya sitrazini, ambazo zinawaka buluu zenyewe bila kuwa doti. Makala kadhaa za utafiti zimesifia doti kwa mwanga ambao sehemu yake ni wa molekuli hizo. Darasani, tia mchanganyiko kwenye mfuko wa utando wa kuchujia molekuli, uuzamishe kwenye bika ya maji, uuache hadi kesho yake. Mulika nje ya mfuko. Maji ya nje yanawaka! Sasa, kilichotoka ni nini? Hapo wahandisi wa mwaka wa kwanza huanza kugombana kwa sauti, na ndicho ninacholipwa kwacho. Kuna wanaosema ni doti ndogo sana zimepenya, kuna wanaosema ni molekuli, na wote wanalazimika kutaja ukubwa wa tundu la mfuko.

Mwaka wa kwanza tulipofanya zoezi hili lilituaibisha. Taa zimezimwa, vitaa vimewashwa, na kilichowaka kuliko bika zote kilikuwa shati la kijana wa meza ya sita. Sabuni za unga zina kemikali ya kung'arisha inayowaka kwenye mwanga huo. Karatasi za kuandikia zikawaka pia, na soda ya tonic ya mtu aliyeingia nayo mfukoni, kwa sababu ya kwinini. Kundi moja likaandika kwamba doti zao ni dhaifu kuliko soda. Kwa kweli hawakukosea.

Na hapa almasi zinaingia kwa heshima. Almasi za nano zilianza kupatikana Umoja wa Kisovieti miaka ya 1960 kwa kulipua baruti ndani ya chemba. Zile za mlipuko zina nanomita 4 hadi 5. Ukipanga kasoro ndani yake, atomu ya nitrojeni jirani na nafasi tupu, inapigwa mwanga wa kijani na kutoa mwekundu, bila kuchoka. Zaidi ya hapo, mwanga huo hubadilika ukipigwa mawimbi ya redio ya gigahezi 2.87. Mwaka 2020 watafiti wa University College London walitumia jambo hilo kwenye kipimo cha karatasi cha virusi vya UKIMWI, cha aina ile tunayoijua vituo vya afya. Karatasi ya kipimo nayo inawaka, kama shati la kijana wetu. Wakafanya almasi zipepese kwa mawimbi, wakasoma mwanga unaopepesa tu, na wa karatasi wakautupa. Usikivu ukafika mara 100,000 ya chembe za dhahabu za kawaida.

Mhandisi gani haipendi hiyo? Ila vifaa vyake, leza ya kijani, jenereta ya mawimbi na kichujio cha mwanga, kwa meza 10, hatuna, na mwanafunzi atatazama skrini badala ya kitu. Ukiwa na seti moja, ifanye onyesho la mwalimu baada ya aibu ya shati, kamwe si kabla. Kabla ya hapo tatizo bado hawalijui.

Mweusi ambaye hakualikwa

Kwenye orodha za kaboni za nano zilizofika kwa mgonjwa, wanafunzi hutaja grafini. Wanashangaa nikiwaambia kwamba China, kwa miaka mingi sasa, madaktari wa upasuaji wa tezi ya shingo hudunga wino wa chembe za kaboni, kama nanomita 150 kila moja. Matundu ya mishipa midogo ya damu ni nanomita 20 hadi 50, ya limfu ni 120 hadi 500, hivyo wino unakwepa damu na kuingia limfu, unazitia weusi tezi za limfu anazotaka daktari kuziondoa, na kuviacha vijitezi vya jirani vikiwa na rangi yao. Nanomita 150 zinazidi hata kile kikomo cha 100 tunachokariri kama maana ya nano. Hauwaki, haupitishi umeme kwa ajabu yoyote. Ni masizi yenye kipimo sahihi. Naliweka swali hili kwenye mtihani: chembe za nanomita 30 zingeenda wapi?

Ukilazimika kuchagua

Ukiwa na kipindi kimoja tu, doti, pamoja na mfuko wa utando uliowekwa siku moja kabla. Ukiwa na viwili, ongeza GV na mkaa, na hesabu ya kichupa cha mirija. Darasa likiwa zaidi la umeme na mekaniki, penseli na maltimita iwe ya kwanza, kwa kuwa mikono yao inajua ohm tayari. Almasi ziende mwaka wa tatu. Na anayekuambia selotepu inatosha kufundisha grafini, muulize darasa lake lilijuaje kwamba ilikuwa tabaka moja.

Baada ya aibu ile nilibandika tangazo mlangoni: wiki ya nane, msije na mashati meupe. Mwaka huu nimelibadilisha. Kila meza ilete shati jeupe moja lililofuliwa kwa sabuni ya unga na jingine lililofuliwa kwa sabuni ya mche, na yote mawili yaandikwe kwenye daftari kabla taa hazijazimwa.